Ligi inahesabu mitikisiko, ubongo unahesabu mapigo

NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ilipotangaza kwamba msimu wa 2024 ulikuwa na mitikisiko ya ubongo 182, idadi ndogo kuliko zote tangu mwaka 2015, habari ilisambaa ikiwa na maana moja tu: helmeti mpya zimefanya kazi, na ile kofia nene ya sponji iitwayo Guardian Cap, inayovalishwa juu ya helmeti, imethibitishwa. Idadi yenyewe imeshuka kweli. Msimu wa 2023 ulikuwa na mitikisiko 219, na mwaka 2017 ilifika 281, kwa kujumlisha mazoezi na mechi, za maandalizi na za msimu wa kawaida. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni na kile watu wanachodhani inahesabu. Mtikisiko unaogunduliwa na daktari ni tukio la siku moja. Ugonjwa unaowamaliza wachezaji wa zamani taratibu hujengwa na maelfu ya mapigo ambayo hayakumwangusha mtu, hayakuleta kizunguzungu na hayakuandikwa popote. Mapigo hayo hayapunguzwi sana na sponji. Hupunguzwa na ratiba ya mazoezi, kanuni za mchezo na umri ambao mtoto anaanza kucheza.

Tuanze na kazi ya helmeti yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Helmeti ya plastiki ngumu ilianza kutengenezwa na kampuni ya Riddell mwaka 1939, na NFL ikailazimisha mwaka 1943. Lakini kwa miaka mingi hakukuwa na kipimo cha pamoja cha kusema helmeti ipi inafaa. Mwaka 1968 wachezaji 36 wa futiboli nchini Marekani, wengi wao vijana wa sekondari, walikufa kwa majeraha ya uwanjani, hasa fuvu kupasuka, damu kuvuja ndani ya kichwa na shingo kuvunjika. Mwaka uliofuata ikaundwa NOCSAE, kamati ya viwango vya vifaa vya michezo, na mwaka 1973 ikatoa kiwango cha kwanza cha helmeti. Kipimo chake ni rahisi kueleza: kichwa cha bandia kilichovalishwa helmeti kinaangushwa juu ya kitako kigumu kutoka kimo cha hadi sentimita 152, na vihisi vilivyomo ndani vinapima ukali wa kusimama kwake. Kiwango hicho, pamoja na kanuni ya mwaka 1976 iliyokataza kumvamia mpinzani kwa utosi, kilifanya kazi iliyokusudiwa. Mwaka 1990 hakufa hata mchezaji mmoja kwa majeraha ya moja kwa moja ya uwanjani. Helmeti iliumbwa kulinda fuvu, na fuvu inalilinda vizuri.

Ubongo ni habari nyingine, na sababu ni ya kifizikia. Chukua kile kichwa cha bandia kilichoanguka sentimita 152. Kinafika chini kikiwa na mwendo wa karibu mita 5.5 kwa sekunde. Kama helmeti ina sentimita 3 za kubonyea, basi hata sponji ya ndoto, inayobonyea yote kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho, itakisimamisha kichwa kwa mkazo usiopungua mara 50 ya uzito wake. Ongeza sentimita moja ya unene, mkazo unashuka hadi mara 38 hivi. Hiyo ni nafuu kubwa, na ndiyo sababu helmeti za leo ni kubwa kuliko za miaka ya 1990. Lakini sponji halisi haibonyei yote. Ikifika ukomo wake inakuwa ngumu kama ubao, na pigo linapita. Isitoshe, kila sentimita unayoongeza inaongeza uzito na kumpa mpinzani mahali pa kuisukuma, na kichwa chenye mzingo mkubwa kinaweza kuzungushwa kwa urahisi zaidi kikigongwa ubavuni. Shingo ndiyo inayolipa.

Na kuzunguka ndiko kunakoumiza. Tangu mwaka 1943 mwanafizikia A. H. S. Holbourn wa Oxford, akitumia ubongo wa mfano wa jelatini, alionyesha kwamba ubongo unastahimili kusukumwa wote kwa pamoja, lakini haustahimili kusokotwa. Una uzito wa kilo moja na nusu hivi, ni laini kama uji ulioganda, na unaelea ndani ya maji ya uti wa mgongo. Kichwa kikigeuzwa ghafla, fuvu linatangulia na ubongo unachelewa, na nyuzi ndefu za neva zilizomo ndani zinavutwa. Plastiki na sponji zilizo nje ya fuvu hazina namna ya kuushika ubongo ulio ndani. Zinaweza kupunguza msokoto kiasi, kwa mfano kwa kuruhusu tabaka la nje liteleze kidogo juu ya lile la ndani, na watengenezaji wa sasa wanajitahidi sana katika hilo. Lakini hakuna helmeti inayoukomesha, na kampuni zenyewe huandika onyo hilo kwenye bidhaa zao.

Sasa tuje kwenye Guardian Cap. Ni kofia ya sponji iliyogawanywa vipande vipande, yenye uzito wa gramu 340 hivi, inayofungwa kwenye helmeti kwa mikanda na vifungo. NFL iliilazimisha katika kambi za mazoezi za mwaka 2022 kwa safu za mbele za pande zote mbili na nafasi zilizo jirani nazo, mwaka 2023 ikawaongeza wakimbiaji, na mwaka 2024 wapokeaji na walinzi wa nyuma, huku ikiruhusu kwa mara ya kwanza anayetaka aivae kwenye mechi. Ligi inasema nafasi zilizovaa mwaka 2022 zilipata mitikisiko pungufu kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na wastani wa miaka mitatu iliyotangulia, na kwamba pigo linapungua nguvu kwa asilimia 10 hivi mmoja akiivaa, na 20 wote wawili wakiivaa.

Hoja hiyo ina uzito. Pigo likipungua hata kidogo mara mia kwa wiki, jumla yake si ndogo, na mchezaji wa mstari wa mbele, anayegonga karibu kila mchezo (yaani kila kipande kifupi cha mechi, tangu mpira uanzishwe hadi usimame), ndiye anayefaidika zaidi. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kupunguza nguvu maabara kwa asilimia 10 na kupunguza mitikisiko uwanjani kwa nusu, na mtu makini lazima aulize pengo hilo linatoka wapi. Mitikisiko ya kambi moja ya mazoezi ni michache, na namba chache huyumba sana mwaka hadi mwaka. Hapakuwa na kundi la nafasi zilezile lililoachwa bila kofia ili kulinganishwa. Helmeti zilizokuwa chini ya kofia nazo zilikuwa zikibadilika kila mwaka. Watafiti wa Stanford waliowafuatilia wachezaji wa chuo hicho kwa vilinda meno vyenye vihisi, na mwaka 2023 wakachapisha matokeo yao, hawakuona tofauti ya maana katika mwendo wa kichwa kati ya wenye kofia na wasio nayo. Utafiti uliofanywa Wisconsin kwa vijana wa sekondari nao haukuona mitikisiko kupungua. Mimi ningewaachia wachezaji wa NFL kofia hiyo mazoezini, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na faida inawezekana ipo. Nisingeitumia kama ushahidi kwamba tatizo limepatiwa dawa.

Tatizo lenyewe lina jina la herufi tatu, CTE, ugonjwa wa ubongo unaotambulika kwa uhakika baada ya kifo tu, pale protini ya tau inapoonekana imejikunja na kujikusanya kandokando ya mishipa midogo ya damu, ndani kabisa ya mikunjo ya ubongo. Aliyeufungua mlango huo ni Bennet Omalu, daktari wa uchunguzi wa maiti aliyezaliwa Nigeria, ambaye mwaka 2002 huko Pittsburgh aliuchunguza ubongo wa Mike Webster. Webster alikuwa senta wa Pittsburgh Steelers, yule anayeinama juu ya mpira na kuupitisha nyuma, na alicheza NFL misimu 17. Alikufa akiwa na miaka 50, akili imemtoka. Omalu alipochapisha matokeo mwaka 2005, wajumbe wa kamati ya ubongo iliyoundwa na NFL mwaka 1994, ambayo mwenyekiti wake alikuwa bingwa wa maradhi ya viungo na si wa ubongo, walidai makala yake iondolewe. Haikuondolewa. Muongo mmoja baadaye ligi ilikuwa inalipa fidia ambayo hadi sasa imezidi dola bilioni moja. Na kumbuka nafasi ya Webster uwanjani. Senta haruki hewani kudaka mpira wala hagongwi kwa mbio za mita 30. Anagongana kwa karibu, kichwa kwa kichwa, kila mchezo unapoanza. Katika msimu mmoja mchezaji wa mstari anaweza kupata mapigo ya kichwa yanayopita elfu moja, na karibu yote hayaleti dalili.

Ndiyo sababu utafiti wa mwaka 2023, uliochambua bongo za wachezaji 631 wa futiboli, ulipaswa kubadilisha namna tunavyozungumza. Daniel Daneshvar na wenzake walikadiria nguvu ya mapigo yote ambayo kila mchezaji aliyapata maishani, kwa kutumia nafasi yake, miaka yake na takwimu za vihisi vya helmeti. Jumla ya nguvu hiyo ilitabiri CTE na ukali wake. Idadi ya mitikisiko aliyowahi kugunduliwa nayo haikutabiri. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, wa Chuo Kikuu cha Boston, kinachohifadhi bongo za wachezaji waliofariki, ulikuta kila mwaka wa kucheza unaongeza uwezekano wa CTE kwa asilimia 30, maana yake uwezekano unakuwa maradufu kila baada ya miaka miwili na nusu na ushee. Ukishika mambo hayo mawili, unaona kwa nini 182 ni namba ya jambo jingine. Msimu unaweza kuwa na mitikisiko michache na mapigo yaleyale.

Watetezi wa ligi wana jibu ambalo ni lazima lisikilizwe. Bongo zinazofika Boston hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Familia hutoa ubongo wa mpendwa wao kwa sababu waliona amebadilika. Kwa hiyo habari kwamba wachezaji 345 wa zamani wa NFL kati ya 376 waliochunguzwa walikuwa na CTE haina maana kwamba tisa kati ya kila kumi walio hai wanaumwa. Hilo ni kweli, na watafiti wenyewe wamelisema. Lakini upendeleo huo unaharibu makadirio ya wangapi wanaumwa. Hauharibu kwa kiasi hicho ulinganisho wa ndani, kati ya aliyecheza miaka mitano na aliyecheza kumi na tano, ilhali wote wawili familia zao zilikuwa na wasiwasi. Na uhusiano huo wa dozi na madhara, kadiri unavyozidi ndivyo unavyoumia, ndio ulio imara zaidi katika tafiti hizi zote.

Jibu lao la pili ni kwamba uangalizi wa siku ya mechi umeimarika, na hapa nawapa haki yao. Mwaka 2013 waliwekwa madaktari wa neva wasiolipwa na timu. Mwaka 2015 waangalizi walioko juu jukwaani walipewa mamlaka ya kusimamisha mchezo. Mwaka 2017 likaja hema la buluu pembeni mwa uwanja, mchezaji apimwe bila macho ya watu. Kurudi uwanjani kuna hatua tano: shughuli nyepesi bila dalili kuzidi, mazoezi ya kuchangamsha moyo na pumzi, mazoezi ya mchezo, mazoezi na timu bila kugusana, kisha kibali cha daktari wa timu na cha daktari huru. Mfumo huo ulivunjikia hadharani Septemba 2022, pale Tua Tagovailoa, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa Miami Dolphins, alipoyumba baada ya kugonga kichwa chini, akarudishwa uwanjani, kisha siku nne baadaye akaangushwa Cincinnati na vidole vyake vikakakamaa mbele ya uso wake. Mwezi uliofuata kanuni ikabadilishwa: anayeonekana kuyumba au kushindwa kuratibu viungo kwa sababu ya kichwa harudi siku hiyo, hata kama ana maelezo mengine. Mabadiliko hayo yanaokoa watu, kwa kuwa ubongo uliotikisika unaumia vibaya zaidi ukigongwa tena kabla haujapona. Lakini mfumo wote huo huamka dalili zikionekana. Pigo la mia nane la msimu, lisilo na dalili, halimwamshi mtu.

Ipo hoja moja ninayoisikia mara nyingi, na ndiyo dhaifu kuliko zote: eti dawa ni kuvua helmeti. Wanasema helmeti inampa mchezaji ujasiri wa uongo, akiivua atalinda kichwa chake, kama wanavyofanya wachezaji wa raga. Sehemu ya kwanza ina chembe ya ukweli. Helmeti na wavu wake wa uso viliwafanya watu watumie kichwa kama silaha. Lakini hitimisho halifuati. Wale 36 wa mwaka 1968 walikufa wakiwa wamevaa helmeti mbovu, na vifo vilishuka helmeti ilipowekewa kiwango na utosi ulipopigwa marufuku kwa pamoja. Futiboli huanza kila mchezo kwa watu wenye kilo 140 kugongana wakitazamana umbali wa chini ya mita moja. Ukiwavua helmeti bila kubadilisha mchezo, mafuvu yatarudi kupasuka. Na raga yenyewe si mfano wa usalama. Wachezaji wake wa zamani wako mahakamani Uingereza kwa sababu ya ubongo, CTE imeonekana katika bongo za wachezaji wake, na tangu mwaka 2024 ligi zake kubwa zinatumia vilinda meno vyenye vihisi kwa sababu kucheza kichwa wazi hakukumlinda mtu.

Kinachopunguza mapigo kinajulikana, na kina ushahidi mzuri kuliko sponji yoyote. Utafiti wa vyuo sita vya Marekani, uliofuata wachezaji 658 kati ya mwaka 2015 na 2019, ulikuta asilimia 72 ya mitikisiko na asilimia 67 ya mapigo ya kichwa vilitokea mazoezini, si kwenye mechi. Karibu nusu ya mitikisiko ilitokea katika wiki za maandalizi, ambazo ni kama sehemu moja ya tano ya msimu. Maana yake sehemu kubwa ya madhara hutokea mahali ambapo hakuna pointi, hakuna kikombe na hakuna mtazamaji, chini ya kocha anayeweza kubadilisha mambo kesho asubuhi. Kocha Buddy Teevens alifanya hivyo katika chuo cha Dartmouth mwaka 2010: alifuta kabisa kuangushana kwa wachezaji mazoezini, wakawa wanaangusha masanamu ya sponji, na baadaye sanamu linalokimbia kwa mota lililobuniwa chuoni hapo. Timu haikudhoofika. Mwaka 2015 ilitwaa ubingwa wa ligi yake ya vyuo, Ivy, kwa pamoja na timu nyingine, na mwaka 2016 ligi hiyo nzima ikapiga marufuku kuangushana katika mazoezi ya msimu. Mwaka huohuo ligi hiyo ilisogeza mpira wa kuanzia, yaani lile teke linaloanzisha mechi, yadi tano mbele, ili mipira mingi zaidi ivuke mstari na isirudishwe kwa mbio. Mitikisiko katika mipira hiyo ya kuanzia ilishuka kutoka karibu 11 kwa kila michezo elfu hadi 2. Badiliko la yadi tano, bila senti ya vifaa.

NFL yenyewe inalijua hili. Mkataba wake na wachezaji wa mwaka 2011 ulipunguza mazoezi ya kuvaa vifaa kamili katika msimu hadi 14, na ule wa mwaka 2020 ukayabana yale ya kambini hadi 16. Kanuni mpya ya mpira wa kuanzia ya mwaka 2024, inayowaweka wachezaji wengi karibu karibu na kuwazuia kukimbia hadi mpira udakwe au uguse ardhi, nayo inafuata mantiki hiyohiyo ya kuondoa pigo badala ya kulifunika. Kwa hiyo swali la kuiuliza ligi kila mwanzo wa mwaka, inapotangaza takwimu zake, si mitikisiko ilikuwa mingapi tu. Iulizwe mchezaji wa mstari wa kawaida alipata mapigo mangapi ya kichwa, yenye nguvu gani, na mangapi yalikuwa ya mazoezini. Vilinda meno vyenye vihisi vinaweza kutoa jibu kwa kila nafasi bila kumtaja mtu kwa jina. Timu itakayoonekana inawagongesha wachezaji wake mara mbili ya wengine itabadilika haraka kuliko kwa bango lolote la kupanga ubora wa helmeti kwa rangi.

Lakini mchezaji anayefika NFL akiwa na miaka 22 mara nyingi ameshagongwa kwa miaka kumi au zaidi. Kwa ile hesabu ya asilimia 30 kwa mwaka, sehemu kubwa ya hatari yake imeshalimbikizwa kabla hajasaini mkataba wa kwanza, na hakuna kanuni ya ligi ya kulipwa inayoweza kuirudisha. Suala hili linawahusu moja kwa moja wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko Texas, Ohio, Kentucky au Minnesota, ambao vijana wao wanaitwa na makocha wa shule kwa sababu ni warefu na wana mbio. Mchezaji wa raga kutoka Kenya, Daniel Adongo, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli utotoni. Kuchelewa hakukumfungia mlango. Kabla ya miaka 14 upo mchezo wa bendera, ambamo mtu anasimamishwa kwa kuvutwa kitambaa kiunoni, na ambao utachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Mtoto anajifunza kukimbia, kupasia, kudaka na kusoma uwanja huku akigongwa kichwa mara chache sana.

Akifika umri wa kugongana, mzazi amuulize kocha siku ngapi kwa wiki vijana wanaangushana, na kwa dakika ngapi. Jibu likiwa ni maelezo marefu kuhusu helmeti, swali halijajibiwa. Aulize pia nani anayeamua kijana akae nje akigongwa, na kama mtu huyo yuko uwanjani siku za mazoezi au siku za mechi tu. Helmeti nayo ikaguliwe: ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi, kamba ya kidevu ifungwe pande zote nne, na ukiushika wavu wa uso na kuuzungusha kushoto na kulia, ngozi ya paji la uso ifuate. Ikiwa helmeti inateleza na ngozi imebaki, ni kubwa. Mito ya hewa iliyomo ndani hupungua upepo wakati wa baridi, kwa hiyo helmeti iliyokaa sawa mwezi Agosti inaweza kulegea mwezi Oktoba, na ukaguzi huo urudiwe kila baridi inapozidi. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa ndani. Ikishapita miaka kumi, hata viwanda vya kukarabati helmeti havitaipokea.